Sauti Iliyooshwa

Hedifoni nilizichagua mimi. Nalisema hili mapema kwa sababu kwenye ripoti wameandika kwamba "idara ilichagua," na idara haina masikio. Masikio yalikuwa yangu, yalikuwa yananiuma, na nilikuwa nimechoka.

Kazi yangu ni kupokea simu za dharura. Tuko saba katika chumba kimoja, kila mtu na meza yake, kompyuta yake na ramani yake ya mji, na anayeomba ambulensi huangukia kwa mmoja wetu. Tunauliza mambo matatu: nani anaumwa, anaumwa nini, na uko wapi. Hilo la tatu ndilo linalotutoa jasho. Mji wetu ulijengwa na watu walioamka kila mmoja na akili yake. Nyumba hazina namba, nusu ya mitaa haina jina, na iliyo na jina ina mawili. Mnara wa simu hutuonyesha duara kwenye ramani, na ndani ya duara moja unaweza kukuta vichochoro hamsini. Halafu mtu aliyechanganyikiwa anakwambia yuko "hapa hapa dukani," kana kwamba dunia nzima ina duka moja.

Ndiyo maana chumbani kwetu watu walijifunza kusikiliza kilicho nyuma ya anayeongea. Bingwa wa kazi hiyo alikuwa Mzee Antena, aliyekaa meza ya kushoto kwangu kwa miaka yangu yote sita na miaka mingine kumi na sita kabla sijaja. Jina hilo alipewa na madereva. Alikuwa akifumba macho, anasikiliza kidogo, kisha anasema, "Huyu yuko nyuma ya kinu cha nafaka, kile ambacho mkanda wake umelegea." Gari linakwenda, na mgonjwa anapatikana nyuma ya kinu. Sisi wengine tulimfuata kwa mbali. Ukikwama ulikuwa unapiga kelele humo chumbani, "Jamani, jenereta na mbwa wengi, ni wapi?" na mtu wa meza ya mwisho anajibu, "Kwa daktari wa mifugo!" bila hata kugeuza shingo. Tuliweza kuulizana hivyo kwa kuwa hedifoni za zamani zilikuwa za sikio moja, na sikio la pili lilibaki la wenzako.

Lakini hizo za zamani zilikuwa adhabu. Upinde wake ulikuwa chuma kitupu, sponji ilishakatika zamani, na mimi navaa miwani. Saa nane kwa siku mkono wa miwani unakandamizwa kwenye fupa la nyuma ya sikio. Nikihamishia sikio la pili, baada ya wiki linafuata. Nilikuwa na vidonda pande zote mbili. Mume wangu alikuwa akinipaka mafuta kila nikirudi, huku akinitania kwamba aliambiwa anaoa karani, kumbe ameoa bondia. Nilicheka siku za mwanzo. Baadaye nilikuwa nalia, tena si kidogo, kwa sababu nilikuwa nalala chali kama maiti nisiguse mto.

Kwa hiyo ilipotoka ruhusa ya kununua mpya, Mkuu wetu wa kitengo aliniita mimi. Ni mama mwenye heshima zake, anayependa kitu kipendeze, na siku hizo alikuwa na wageni wakubwa wanaokuja kukitazama chumba. "Wewe ndiye unayelalamika kuliko wote," akaniambia. "Zijaribu, uniletee jibu. Lakini tafadhali, zisiwe kama hizi za kivita."

Muuzaji alituletea aina tatu ndani ya mkoba. Za kwanza zilikuwa kama za zamani ila mpya: sikio moja, nzito, na unasikia kila kitu, mpaka mvumo wa waya. Za pili zilikuwa vile vidude vya kuchomeka ndani ya sikio. Hizo zilikufa mapema, maana sisi ni zamu tatu, na hakuna aliyekuwa tayari kuchangia nta na mwenzake. Za tatu ndizo hizo. Rangi ya majivu, nyepesi, mito yake minene na laini, zimefunika masikio yote mawili, na mkono wa miwani unazama ndani ya mto bila kuguswa. Kwenye waya wake palikuwa na kidude kidogo kinachosafisha sauti. Muuzaji alieleza kwamba kinachuja upepo, mashine, makelele ya watu, kila kisichotakiwa, kinamwacha anayeongea peke yake.

Nilizipenda kabla sijazivaa. Hilo nalo niliseme.

Tulizijaribu hivi. Mimi nilikaa mezani kwangu. Mwenzetu wa meza ya mwisho akaingia stoo ya karatasi, akafunga mlango, akanipigia simu na kunisomea maandishi ya nyuma ya boksi. Sauti yake ilikuja safi, karibu, imetulia. Niliinua kidole gumba juu, chumba kizima kikacheka.

Mzee Antena aliuliza, "Humo stoo kuna kelele gani?"

"Hakuna kelele, Mzee. Ni stoo."

"Sasa umepima nini, mwanangu? Mtoe nje. Akapige simu kutoka barabarani."

Nje kulikuwa na jua la kutoboa utosi. Mwenzetu alikuwa ameshavua viatu, na saa ya chakula ilikuwa imekaribia. "Mzee, sauti ni sauti," nikasema.

Aliziomba akazivaa mwenyewe. Alifumba macho kama kawaida yake, akakaa hivyo dakika nzima, kisha akazivua kwa mikono miwili na kuziweka chini taratibu. "Hii sauti imeoshwa mno," akasema. "Mtu amevuliwa kila kitu mpaka hujui katoka wapi. Chukua hizo za kwanza, ubandike sponji."

Mimi ndiye niliyekuwa na vidonda, si yeye. Nikamjibu mbele ya watu kwamba labda masikio yake ndiyo yameanza kuzeeka, na hizi mpya zinamuumbua. Watu waliangua kicheko. Yeye naye alicheka kidogo, cha kuwaridhisha, akarudi mezani kwake. Neno lile ningepewa nafasi ya kulimeza, ningelimeza na miiba yake yote.

Karatasi ya kutoa alama ilikuwa na mistari mitatu: sauti, starehe, mwonekano. Kwenye sauti niliandika kumi. Kwenye starehe kumi. Mwonekano nilimwachia Mkuu, naye alizivaa mbele ya kioo cha dirisha, akajigeuza huku na huku, akaandika kumi kwa kalamu nyekundu. "Tukipigwa picha tutaonekana watu," akasema. Mzee Antena aliomba abaki na zake za zamani. Alikataliwa, kwa sababu mmoja akivaa tofauti mstari mzima unaharibika. Za zamani zikafungwa kwenye boksi, zikapelekwa ghala la makao makuu.

Sitadanganya, wiki zile tatu zilikuwa tamu. Vidonda vilikauka. Nililala ubavu. Chumba kilikuwa kimya, kila mtu na mgonjwa wake, hakuna anayepiga kelele kuuliza jenereta na mbwa, maana hakuna aliyekuwa anasikia jenereta wala mbwa, na hata ungeuliza, mwenzako amefunikwa masikio yote mawili. Watu wachache tulichelewa kuwapata. Tulisema ni bahati mbaya. Mzee Antena alivaa zake upande mmoja zimening'inia, akawa anauliza maswali mengi kuliko zamani, na sisi tukanong'onezana kwamba kweli mzee anaishiwa.

Siku ya Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, niliipokea simu ya fundi cherehani.

"Dharura. Nikusaidie nini?"

"Dada... nashindwa kupumua. Nina pumu."

Sauti yake ilikuwa ya chini, maneno machache machache. Wagonjwa wa pumu huwa tunawajua kabla hawajajitambulisha. Kile kifua kinachopiga filimbi ndicho kinachotuambia amebakiwa na muda gani. Kwa huyu sikusikia filimbi yoyote. Kati ya neno na neno palikuwa kimya, safi kabisa, kama mtu anayefikiria cha kusema. Nikaandika: pumu, hali ya wastani, anaongea kwa utulivu.

"Dawa yako ya kuvuta unayo, mama?"

"Nimeiacha nyumbani."

"Uko wapi?"

"Sijui. Mimi fundi... nimekuja kumpima mteja. Nimepotea."

"Umekaa au umesimama?"

"Nimekaa. Kwenye ukuta."

"Ukuta wa nini?"

"Matofali. Mrefu."

"Kuna mtu yeyote karibu yako? Mpe simu niongee naye."

"Hakuna mtu. Kichochoro."

Duara kwenye ramani lilikuwa na mitaa kumi na moja. Nikamwuliza anaona duka, bango, nguzo ya rangi gani. Alikuwa anajibu "ukuta," tena "ukuta." Kisha akasema, "Dada, si unasikia hizo kelele?"

"Kelele gani, mama?"

"Hizi... hizi..."

"Nakusikia wewe tu, mama. Nielezee. Kelele za nini?"

Hakunielezea. Alikuwa ananyamaza, anaanza neno, anaacha. Leo najua kwa nini aliacha. Siku ile nilidhani amechanganyikiwa, maana mimi nilikuwa nimekaa katikati ya ukimya mzuri kuliko wa maktaba, na mtu ananiuliza habari ya kelele. Ningeking'oa kile kidude cha kusafisha? Kilishonwa ndani ya waya. Ningemwita Mzee Antena? Naye angesikia nilichosikia. Lakini ningeweza kulituma gari likazunguke tu lile duara, likipiga king'ora. Kwa mgonjwa wa hali mbaya huwa tunafanya hivyo. Kwa mgonjwa wa wastani, anayeongea kwa utulivu, tunasubiri tujue pa kwenda.

Taa nyekundu ya simu nyingine ikawaka, na wenzangu wote walikuwa kwenye laini. Utaratibu unaruhusu. "Mama, subiri kidogo," nikamwambia. "Usikate, narudi sasa hivi."

"Usiniache, dada," akasema. Kwa sauti ile ile ya chini, iliyopangika.

Simu ya pili ilikuwa ajali ya pikipiki, na mpigaji alijua mahali vizuri. Ilinichukua dakika mbili na sekunde arobaini. Niliporudi kwa fundi cherehani, hapakuwa na kitu. Laini ilikuwa wazi, namba za muda zinakwenda, lakini ndani yake hamkuwa hata na pumzi. "Mama? Mama, unanisikia? Mama!" Nilipiga kelele mpaka Mzee Antena, ambaye sikio lake moja lilikuwa nje, akainuka akaja. Alinivua hedifoni kichwani bila kuomba, akasikiliza, macho yamefumbwa. Alipoyafumbua nilijua.

"Humu hamna kitu," akasema. "Hizi zimemfuta."

Tulituma gari. Lilizunguka. Mlinzi wa shule moja ndiye aliyemkuta, saa sita kasoro, ameegemea ukuta, futi ya kupimia nguo ingali shingoni.

Kikao kilifanyika siku ya tisa, katika chumba cha mikutano chenye feni mbovu. Alikuwepo Mkuu, bwana mmoja wa makao makuu na kompyuta yake, dereva wa gari lililozunguka, Mzee Antena na mimi. Upande wa pili wa meza walikaa wawili. Mume wa marehemu, mpaka rangi wa nyumba, mtu mfupi ambaye kucha zake zilikuwa na rangi nyeupe isiyotoka. Na dada mkubwa wa marehemu, aliyekuwa amenikazia macho tangu nilipoingia.

Bwana wa makao makuu alieleza kwamba simu zote hurekodiwa kwenye mtambo wa chini, kabla hazijafika mezani kwetu. Mimi nilikuwa najua jambo hilo, ila sikuwahi kulifikiria. Akabonyeza, na spika ikaanza.

Kwanza nilidhani amekosea faili. Msumeno ulikuwa unalia, ule msumeno mkubwa wa kupasua magogo, unapanda, unashuka, unapanda tena. Juu ya msumeno watoto wengi walikuwa wanaimba hesabu kwa pamoja, saba mara nane hamsini na sita, saba mara tisa sitini na tatu. Katikati ya yote hayo palikuwa na mwanamke, na kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi ndefu, nyembamba, inayokatika. Hakuwa anafikiria cha kusema kati ya neno na neno. Alikuwa anaivuta hewa, na haiji. Sikumtambua. Nilitambua sauti yangu tu, ya mtu aliyestarehe, inayomwuliza ukuta wa nini.

Haikufika hata dakika moja. Dereva alijipiga paja. "Si pale! Shule na mashine za mbao, ukuta mmoja! Nilikuwa nimeegesha pale kituo cha mafuta, dakika sita tu..." Kisha akaona nyuso za waliokaa mbele yake, akaziba mdomo kwa mkono.

Rekodi iliendelea kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuizima. Si unasikia hizo kelele, akauliza fundi cherehani, na msumeno ukapita juu ya sauti yake. Kelele gani, mama, nikajibu.

Dada mkubwa aligonga meza. "Kelele gani? Wewe ulikuwa na pamba masikioni? Dereva huyu kajua hapo alipo, mimi mwenyewe nimejua hapo nilipo, wewe uliyelipwa kusikiliza unauliza kelele gani?"

Mkuu alikohoa. "Dada, poleni sana. Tunachoweza kusema ni kwamba mpokeaji alifuata utaratibu, na idara ilichagua vifaa kwa kuzingatia..."

"Nilizichagua mimi," nikasema.

Mkuu alinikanyaga mguu chini ya meza, kwa kisigino. Nikaendelea. Niliwaambia kuhusu stoo, jua la nje na vidonda vyangu. Niliwaambia kwamba Mzee huyu alinikataza na nikamcheka mbele ya watu. Mzee Antena alikuwa anatazama mikono yake. Nilitamani aseme jambo lolote, hata anitukane, lakini yule mzee hakuwa na tabia ya kumchimba mtu.

Mpaka rangi aliinua uso akanitazama. Sasa akauliza, "Kwa hiyo hicho tulichosikia hapa, wewe hukukisikia?"

"Sikukisikia, kaka."

"Ulisikia nini?"

Nilikwenda chumbani kwetu nikazichomoa hedifoni za mezani kwangu, nikarudi nazo. Bwana wa makao makuu alisema hilo halimo kwenye ajenda. Nikachomeka waya kwenye kompyuta yake, nikamvalisha mpaka rangi kwa mikono yangu. Mito ikaziba masikio yake. Nikarudisha rekodi mwanzo.

Sisi wengine tulibaki na feni. Nilikuwa natazama namba za muda kwenye kioo, kwa hiyo nilijua kila mahali alipofika. Hapa anasema ana pumu. Hapa anasema amepotea. Uso wa mpaka rangi ulianza kulegea, kama wa mtu aliyefunguliwa mlango na aliyemzoea. Hata aliitikia kidogo kwa kichwa mkewe alipotaja kazi yake.

"Mbona anaongea vizuri?" akasema, kwa sauti kubwa, kama wanavyosema watu waliozibwa masikio. "Mbona kama hana shida?"

Kumjibu kulikuwa bure. Asingetusikia.

Namba zilifika pale. Subiri kidogo, mama. Niliinamisha kichwa nisimwone. Nilijiandaa kwa kofi, na Mungu anisamehe, nililitaka, kwa sababu kofi lina mwisho.

Alikaa akisikiliza mpaka palipokuwa na ukimya, na ndani ya ukimya ule akaendelea kukaa. Kisha akasema, kwa sauti ile ile kubwa, chumba kizima kikasikia:

"Hata mimi ningemwambia asubiri."

Shemeji yake alinyanyuka, akamvua hedifoni kichwani kwa nguvu mpaka waya ukachomoka, na msumeno, watoto na ile filimbi vikarudi mezani kwa mpigo.

"Shemeji," akamwambia, "usimsaidie."